Krismasi ya Msasani na Sahani ya Jirani



Mmenitaka nizungumze juu ya sikukuu za mwisho wa mwaka na jinsi zinavyotumia muda wetu na fedha zetu. Nakushukuruni kwa heshima hiyo, ingawa najua kuwa nusu yenu mmekwisha kata tiketi na mioyo yenu iko njiani.

Basi tuanze na hao wasafiri. Kila Desemba mji huu hupungua watu. Zamani walijazana Ubungo. Tangu mwaka 2021 hujazana Mbezi Luis, na mabasi ya Moshi, Mbeya na Bukoba hujaa siku nyingi kabla ya mkesha. Treni ya abiria ya Moshi ilipoanza tena Desemba 2019, baada ya kusimama kwa zaidi ya miaka 20, wengi walipata nafuu. Ndugu zetu wa Kilimanjaro hutaniwa sana kwa safari hiyo, lakini mimi siwacheki. Mtu haendi zaidi ya kilomita 500 kwa ajili ya nyama ya mbuzi tu. Huko nyumbani kuna makaburi ya kufagiwa, mpaka wa shamba wa kusuluhishwa, mtoto wa kubatizwa, na mzee anayetaka kuwahesabu wanawe kwa macho yake mwenyewe.

Ama sisi tubakio, ratiba yetu haina unafuu. Tarehe 24 usiku ni misa ya mkesha. Tarehe 25 asubuhi ni ibada, na kabla ya ibada mchango wa kwaya na sare ambayo fundi cherehani ameimaliza alfajiri. Mchana tunatakiwa kwa kaka mkubwa, Temeke. Jioni kwa shemeji, Kinondoni. Tarehe 26 ni zamu ya rafiki tuliyesoma naye, ambaye tusipofika atanuna hadi Pasaka. Ikifika tarehe 27 mtumishi wa umma amekwisha ingia nyumba sita, amekula pilau ya aina sita, na bado hajamwamkia jirani anayepakana naye ukuta. Hapo ndipo hasa nilipotaka kufika.

Msasani ilikuwa kijiji cha wavuvi, na wenyeji wake walikuwa Waislamu. Wakristo wengi walifika baadaye, kwa kazi za serikali, za ualimu na za viwandani. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliishi hapa Msasani katika nyumba yake hata alipokuwa Rais, akisali katika Kanisa la Mtakatifu Petro, Oysterbay, huku majirani wa kijijini wakianika nyavu na kuitikia adhana. Kwa hiyo Krismasi ya hapa ni sikukuu ya watu waishio katikati ya watu wa dini nyingine, na wazee wetu waliipangia utaratibu unaolingana na hali hiyo.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Mwenye mbuzi alimwendea jirani yake Mwislamu, akamwomba amchinjie. Hapakuwa na sheria iliyomlazimisha. Alijua tu kwamba nyama ikichinjwa hivyo, sahani yoyote itakayotoka jikoni mwake italika katika nyumba yoyote ya mtaa. Mchana mtoto alitumwa na sahani iliyofunikwa kawa, akaonywa asiikimbize. Nayo sahani ya jirani hairudi tupu. Ilikaa huko, ikangoja Idd, ikarudi na tambi au biriani.

Wale wenye umri wangu wanaikumbuka miaka mitatu mfululizo, 1998, 1999 na 2000, ambapo Krismasi iliangukia ndani ya mwezi wa Ramadhani. Ilikuwaje kupeleka pilau kwa mtu aliyefunga? Nyumbani kwetu mama alipika mara mbili. Sufuria ya kwanza ilikuwa yetu, saa saba mchana. Ya pili iliinjikwa alasiri, ili sahani za majirani zifike zikiwa za moto wakati wa kufuturu. Hakuna kikao kilichopitisha azimio hilo. Na tukumbuke mwaka wa kwanza kati ya hiyo ulikuwa mwaka gani: tarehe 7 Agosti 1998 bomu lilikuwa limelipuka kwenye ubalozi wa Marekani, si mbali na hapa, likaua watu 11. Dunia nzima ilikuwa ikisema mengi juu ya Uislamu. Mtaani kwetu, miezi minne baadaye, sahani zilipita kama kawaida.

Sisemi haya ili kuwapambia mambo. Mwezi Aprili 1993, katika jiji hili hili, mabucha ya nguruwe yalishambuliwa. Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, ugomvi juu ya nani ana haki ya kuchinja uliishia katika kifo cha mchungaji. Nimelifikiri sana jambo hili, na rai yangu ni kwamba desturi ile ilidumu kwa sababu ilikuwa ombi. Mara mtu alipoigeuza kuwa amri, au mwingine alipoigeuza kuwa fedheha, kisu kikawa na maana nyingine.

Wapo Wakristo waniulizao: kwa nini nimwombe mwingine achinje mbuzi wangu? Swali ni la haki, nami sina jibu la kumlazimisha mtu. Achinje mwenyewe, ale na watu wake kwa amani. Lakini sahani atakayompelekea jirani na iwe ya samaki. Samaki hana ugomvi wa kuchinjwa, na ufuoni kwetu hapa bado wanauzwa.

Kikwazo kikubwa zaidi siku hizi sicho kisu. Ni ukuta. Tangu miaka ya 1990 rasi yetu imejaa mageti na nyaya za umeme juu ya kuta. Mtoto aliyetumwa na sahani hukutana na mlinzi, mlinzi humpigia simu mwenye nyumba, mwenye nyumba huuliza, "Nani kasema ametoka wapi?" Pilau imepoa. Mwaka unaofuata mtoto hatumwi. Ukishuka Bonde la Mpunga, ambako milango hutazamana, sahani bado zinapita, ingawa sufuria za huko ni ndogo kuliko za rasini.

Tena, tukiwa bado jikoni, tumtaje anayepika. Shughuli zote nilizozihesabu humwangukia mama wa nyumbani na binti wa kazi, ambaye naye ana mama anayemngoja Singida au Iringa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yataka afanyaye kazi siku ya sikukuu ya taifa alipwe mara mbili kwa saa hizo. Nawaomba watumishi wa umma, ambao kazi yetu ni kuzitekeleza sheria, tujiulize kama hii nayo tumeiacha getini.

Kuhusu fedha nitasema machache, kwa kuwa walimu mnayajua zaidi yangu: shule hufunguliwa Januari, na daftari halinunuliwi kwa mabaki ya pilau. Anayetaka kupunguza matumizi asianzie kwenye sahani ya jirani. Hiyo ndiyo rahisi kuliko zote. Haina nauli, haina sare.

Jambo la mwisho ni la kalenda. Mwezi wa Ramadhani hurudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka. Kwa hesabu hiyo, Krismasi ya mwaka 2031 na ile ya 2032 zitaangukia tena ndani ya mfungo, na mwaka 2033 Idd-el-Fitr yatarajiwa siku mbili tatu tu kabla ya Krismasi. Watoto mnaowafundisha leo darasa la kwanza watakuwa wakubwa wa kutosha kubeba sahani. Na mafundi cherehani wa Msasani, watakaodaiwa kanzu na sare za kwaya wiki ile ile, itawabidi waanze kukata vitambaa Oktoba.