Tusikubali Kuwa Pambo la Meza Kuu



Nimepewa dakika kumi nizungumzie mwanamke na uongozi. Najua mlitegemea nianze na mwanasiasa. Mimi naanza na muigizaji wa Australia, anaitwa Deborah Mailman. Tulieni, mtaona ninakoelekea.

Dada huyu alizaliwa mwaka 1972 na kukulia Mount Isa, mji wa migodi huko Queensland. Baba yake Muaborijini, mama yake Mmaori wa New Zealand. Waaborijini ndio wenye nchi ile, lakini sheria ya wakoloni ilichukulia kwamba ardhi ile haikuwa na mwenyewe. Uongo huo ulikuja kukataliwa na mahakama ya juu kabisa mwaka 1992, kwenye kesi ya Eddie Mabo. Miaka 20 baadaye Mailman akaigiza kama Bonita, mke wa Mabo, kwenye filamu ya televisheni.

Sasa angalieni alivyoanza. Hakukaa akisubiri kuitwa. Mwaka 1995 yeye na Wesley Enoch walitunga mchezo wa jukwaani, The 7 Stages of Grieving, akasimama peke yake kueleza msiba wa watu wake. Mwaka 1998 akacheza filamu ya Radiance, iliyoongozwa na Rachel Perkins, naye Muaborijini, na ikampa tuzo ya taifa ya muigizaji bora wa kike. Hakuna mwanamke Muaborijini aliyewahi kuipata kabla yake.

Mwaka 2001 ikaja tamthilia ya The Secret Life of Us. Humo yeye ni Kelly, binti wa mjini mwenye marafiki, mapenzi na kodi ya nyumba. Basi. Mtasema kitu kidogo hicho? Si kidogo, makamanda. Watazamaji waliozoea kumwona Muaborijini kwenye runinga kama tatizo la kujadiliwa, sasa walimpokea sebuleni kama jirani.

Lakini iliyonileta hapa ni Total Control, ya mwaka 2019. Humo ni Alex Irving, mwanamke ambaye video yake inasambaa nchi nzima baada ya kumkabili mtu mwenye bunduki. Waziri Mkuu anamwona, anampa kiti cha Seneti. Alex anaingia akidhani amepewa sauti. Kumbe kilichotakiwa ni sura yake tu! Anapotumika na kugeukwa, anakuja kurudi ulingoni kama mgombea binafsi.

Nilipoitazama nilijiona. Kuna mkutano niliwahi kuitwa meza kuu, nikakaa na hotuba yangu mkononi. Picha zikapigwa, ratiba ikaisha, hotuba nikarudi nayo nyumbani. Niliambiwa, "Dada, umependezesha sana." Niliumia, jamani. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba nilisema ahsante.

Tusidanganyane pia: kuonekana peke yake hakutoshi. Oktoba 2023 Waaustralia waliulizwa kwa kura kama wenyeji wa nchi wawe na chombo chao cha kulishauri Bunge, kiandikwe kwenye Katiba. Wengi walisema hapana. Ndiyo nchi ileile iliyompa Mailman tuzo kibao. Makofi ni makofi, na kura ni kura.

Kwa hiyo dada zangu, ukiitwa meza kuu, nenda. Ila uliza kabla hujakaa: nitasema nini, na nitaamua nini? Ukikosa jibu, fanya kama Mailman wa mwaka 1995: andika chako, simama nacho hata peke yako. Na nyie kaka zangu mnaopanga ratiba, mmenisikia. Siku hizi hotuba yangu naombea nafasi kabla ya picha.