Utando Juu ya Maji: Samaki wa Nyumbani Katika Joto la Jalan

Mkaazi wa Jalan Bani Bu Ali, kusini mwa Sur huko Oman, hahitaji kuelezwa thamani ya maji. Upande mmoja wa wilaya yake umetanda mchanga wa jangwa la Sharqiyah, na upande wa pili ipo Bahari ya Arabu. Hata hivyo, baina ya jangwa na bahari zimo nyumba ambazo sebuleni mwake huwekwa tangi la kioo lenye samaki wa rangi mbalimbali. Makala ya leo yanahusu jambo ambalo mwenye tangi hilo hulikuta siku moja: utando mwembamba unaong'aa kama mafuta juu ya maji.

Utando huo hutokana na nini? Chakula cha samaki kina mafuta na protini. Kisicholiwa huoza, majani ya mimea hufa, na mikono inayoingizwa majini huacha mafuta yake. Vitu hivyo huelea, na bakteria huvifanya chakula na maskani. Jiko likiwa karibu, mvuke wa kukaangia nao hutua hapo. Na upepo wa jangwani ukivuma, vumbi hupenya madirishani na kuongezea.

Utando wenyewe si sumu. Ubaya wake ni kuwa unaashiria maji yaliyosimama, tena huyasaidia yaendelee kusimama. Mmarekani Benjamin Franklin alieleza katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1774 jinsi alivyomimina mafuta yasiyozidi kijiko cha chai katika bwawa la Clapham, London, na viwimbi vikatulia juu ya eneo kubwa. Ndivyo ilivyo tangini: maji yakitulia utando hujengeka, na ukijengeka hufisha viwimbi ambavyo vingeuvunja.

Viwimbi hivyo vina umuhimu gani? Samaki huvuta oksijeni iliyoyeyuka majini, na sehemu kubwa ya oksijeni hiyo huingia kupitia uso wa maji, pale pale inapotokea hewa ya kaboni. Maji yakizunguka, yale ya chini yaliyopungukiwa hupanda juu, nayo ya juu hushuka. Yakisimama, mlango huo hubaki wazi kidogo tu.

Joto huzidisha tatizo. Maji matamu ya nyuzi 20 za Selsiasi huweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita; ya nyuzi 30 hubeba kama saba na nusu tu. Na wakati huo huo joto humfanya samaki ahitaji oksijeni zaidi. Kiangazi cha Jalan hupita nyuzi 40. Familia ikifunga safari na kuzima kiyoyozi, samaki hupata hasara mara mbili. Usiku hatari huongezeka, kwani gizani mimea ya majini haitoi oksijeni bali huitumia. Ndiyo maana samaki hukutwa alfajiri wakitweta juu ya maji, au wakiwa wamekwisha kufa.

Tiba haimo katika chupa ya dawa. Kwanza, karatasi laini ya jikoni hulazwa juu ya maji na kuinuliwa polepole. Hutoka na utando. Lakini utarudi ikiwa maji hayatembei. Kwa hiyo mdomo wa pampu ya chujio huelekezwa juu kidogo, mpaka uso wa maji uonekane ukitikisika. Vipovu vya jiwe la hewa navyo husaidia, hasa kwa sababu huusukuma uso wa maji vinapopasuka. Feni ndogo inayopuliza juu ya tangi huyapoza maji kwa nyuzi kadhaa, ila huyapunguza, hivyo lazima yaongezwe. Na maji ya bomba yenye klorini yaondolewe klorini kwanza. Chakula nacho kipunguzwe. Samaki wa kupigana, anayevuta hewa juu ya maji, hapendi mkondo wenye nguvu. Kwake mtikisiko mdogo watosha.

Kanuni hii haiishii sebuleni. Baadhi ya samaki wanaopendwa na wafugaji duniani, kama wale wa jenasi ya Tropheus, asili yao ni miamba ya Ziwa Tanganyika, ambako mawimbi hupiga bila kukoma. Ziwa hilo lina kina cha mita 1,470, lakini chini ya mita 200 hivi maji yake hayana oksijeni, kwa kuwa hayachanganyiki na ya juu. Upepo wa kusi, kati ya Mei na Septemba, ndio unaoyakoroga na kupandisha rutuba. Mwaka 2003 watafiti walionyesha kwamba ongezeko la joto limeudhoofisha mkorogo huo, na pamoja nao chakula kinacholisha dagaa na migebuka. Kinachomnyima samaki pumzi Jalan, ziwani humpunguzia mvuvi wa Kigoma kitoweo.

Waomani wa kale walilijua hilo kwa njia yao. Mifereji yao ya aflaj, ambayo mitano kati yake, ukiwamo Al-Jeela karibu na Sur, iliingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, ilijengwa ili maji yatiririke kwa mteremko mdogo, usiku na mchana. Mwenye tangi hatakiwi zaidi ya hayo: mwendo mdogo usiokatika. Na kabla ya kufunga mlango wa nyumba kwa safari, auangalie uso wa maji. Ukiwa umetulia kama kioo, samaki wake wamo hatarini.