Kwetu ni Mtoni



Wapendwa wasikilizaji, leo Mama Kanisa anaadhimisha Familia Takatifu ya Yesu, Maria na Yosefu. Sikukuu hii hutufikia wakati nyumba nyingi za Temeke na Kinondoni zimepungukiwa watu. Mwenye kwao Moshi amekwenda Moshi, mwenye kwao Songea yuko Songea, na wa Bukoba huenda bado wamo safarini. Maana sisi wakazi wa Dar es Salaam, hata tukikaa Tandika miaka 30, tukiulizwa kwetu ni wapi hutaja kijiji cha babu. Mjini tunakaa tu. Kwetu ni kwingine.

Je, asiye na kijiji cha kutaja ajibu nini?

Tuliwahi kumwuliza mtoto mmoja swali hilo mbele ya wenzake, siku ya kuandikisha watoto wa Kipaimara. Fomu yetu ilitaka jina la baba, kabila na mahali anakotoka. Mvulana huyo alilelewa na mama mmoja wa Mtoni, mwuza vitumbua. Mama yake mzazi alikuwa mpangaji katika nyumba hiyo hiyo. Walitumia uani mmoja na bomba moja. Alipofariki ndugu hawakuonekana. Jirani akamchukua mtoto kutoka chumba cha pili, akamlaza pamoja na wanawe watatu, na tangu hapo akawa wa nne.

Mtoto mwenyewe hakujua habari hizo. Akajibu kwamba kwao ni Mtoni. Wenzake wakacheka, na mmoja wao, aliyekwisha kusikia mazungumzo ya watu wazima penye foleni ya maji, akasema: "Huyo ni wa kuokota." Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile ya pili yake. Aliyekuja ni mama, na vidole vyake vikinukia mafuta ya kukaangia. "Padre," akatuuliza, "mlikuwa mnatafuta nini kwa mwanangu?"

Hatukuwa na jibu. Ni kweli kwamba afadhali mtoto angeusikia ukweli kutoka kinywani mwa mama huyo mapema, kabla ya kuusikia darasani. Lakini yeye alificha kwa upendo. Sisi tuliuliza kwa mazoea.

Mwinjili Mathayo anapanga vizazi tangu Ibrahimu, anapita kwa Daudi, anafika kwa Yosefu. Yosefu hakumzaa Yesu. Hata hivyo ukoo wa Daudi unamfikia Mwokozi kupitia mtu huyo huyo asiyemzaa. Malaika alimwagiza ampe mtoto jina, naye akampa. Na kwa Wayahudi, baba kumpa mtoto jina kulikuwa kumkiri mbele ya watu kuwa ni wake. Nazareti yote ikamjua kuwa mwana wa seremala.

Wala tusisahau Bagamoyo. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni pale mwaka 1868, miongoni mwa Wakristo wake wa kwanza walikuwa watoto waliokombolewa utumwani. Walikuwa wamenyang'anywa ukoo, na wengine walitekwa wadogo mno hata kutaja kwao. Sisi tunaoulizana makabila penye mlango wa kanisa tulitanguliwa mlangoni humo na watoto wa namna hiyo.

Makatekista wapendwa, Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 110, zinasema kwamba watoto walioasiliwa kwa mujibu wa sheria ya nchi wahesabiwe kuwa watoto wa hao waliowaasili. Kwa nchi yetu, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka njia ya kuasili kwa amri ya mahakama. Akina mama wengi wa mitaa yetu hawana karatasi hiyo, na yule wa Mtoni hakuwa nayo. Tulimsihi aende Ustawi wa Jamii akaulize. Hakuihitaji ili ampende mtoto. Lakini siku ya kugawa mirathi, ndugu wa marehemu huuliza karatasi.

Jioni ile mama alimketisha mvulana uani, akamwonyesha mlango wa chumba alikozaliwa, ambamo sasa wanakaa wapangaji wengine. Akamweleza yote. Mtoto akanyamaza kitambo, kisha akauliza neno moja tu: "Na akina kaka wanajua?"

Walijua. Wawili wakubwa walikuwa wameiona siku ile alipoletwa, na wa tatu aliambiwa baadaye. Kwa miaka yote hiyo, hata walipogombana naye, hakuna aliyewahi kumtamkia.

Alirudi darasani wakati wa Kwaresima, akisindikizwa na kaka yake mkubwa. Fomu aliijaza mwenyewe. Penye mahali anakotoka akaandika Mtoni, nasi tukapiga mhuri.