MVUVI NAYE NI MFANYA KAZI
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Mombasa)

Ndugu wanachama,

Sisi watu wa reli hatuwezi kusema kuwa bandari ni kitu kibaya. Mizigo isiposhuka gatini mabehewa husimama, na mwisho wa mwezi hatuna kitu. Lakini haki tunayoidai sisi, tusiwanyime wenzetu wa baharini.

Tazameni habari ya Lamu. Ili meli kubwa zipate kuingia ghuba ya Manda, bahari ilichimbwa na mikoko ikakatwa. Samaki wadogo na kamba hukulia katika mizizi ya mikoko, na tope la kuchimba hufunika matumbawe. Mvuvi mwenye dau dogo hawezi kuwafuata samaki bahari kuu. Hiyo ni sawa na kufukuzwa kazi bila ya notisi.

Wavuvi hawakurusha mawe. Mwaka 2012 walifungua kesi, na mwaka 2018 Mahkama Kuu ya Malindi ikasema kuwa wenyeji hawakushauriwa ipasavyo, ikaamuru wavuvi 4,600 hivi walipwe shilingi milioni 1,760. Gati ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2021.

Basi, ndugu, gati au reli mpya ikitajwa, tusikimbilie kuuliza kazi ni ngapi tu. Tuulize pia: mikoko itakuwaje? Wavuvi wameitwa? Fidia iandikwe kabla ya shoka la kwanza, siyo baada ya miaka 6 ya kesi. Mshahara wetu usitoke katika chungu cha mwenzetu.

Umoja ni nguvu.