Mabaki ya Shamba na Sumu ya Shamba
Hotuba kwa wanachama, Kinyerezi, siku ya kuadhimisha miaka 10 ya Chama



Miaka 10 ya ushirika imetufundisha kupima mazao, kutunza daftari na kudai bei ya haki. Leo twaomba ruhusa yenu tunene juu ya jambo ambalo hatujalipima hata mara moja, nalo ni maji tunayosuuzia mabomba ya kupulizia dawa.

Sote twajua yaendako. Mkulima wa mchicha akimaliza kupulizia hushuka bondeni, husuuza bomba lake, na maji yale huteremka hadi Mto Msimbazi. Huko chini wako wenzetu wanaomwagilia mboga kwa maji yayo hayo. Hatumlaumu mtu, maana sisi wenyewe tumefanya hivyo.

Maji hupita, lakini udongo huweka. Huko Vikuge, Wilaya ya Kibaha, shehena ya dawa za kuulia wadudu, nyingi zikiwa DDT, ilipokewa mwaka 1986 ikiwa msaada kutoka Ugiriki. Banda lililozihifadhi lilianguka, na mvua ikazinyeshea. Dawa zikaja kuondolewa, lakini wataalamu walipopima udongo baadaye waliikuta sumu ingalimo kwa wingi. Kuzuia ni rahisi kuliko kusafisha.

Sehemu ya kinga, ndugu zetu, tunayo katika vitu tunavyovichoma moto kila msimu: vifuu vya nazi, makapi ya mpunga, magunzi na mabua ya mahindi.

Kifuu kikichomwa mahali penye hewa haba hugeuka makaa yenye vitundu vidogo visivyohesabika. Maji yenye dawa yakipita katika makaa hayo yaliyopondwa, sehemu ya dawa hunata ndani ya vitundu. Lakini tusijidanganye: makaa hushika sumu, hayaiui, na yakishiba hayashiki tena. Yasitiwe jikoni wala yasitupwe mtoni. Wala maji yaliyochujwa hivyo yasinywewe, kwa kuwa macho hayawezi kupima sumu iliyobaki.

Njia ya pili ilianzishwa na wakulima na wataalamu wa Sweden katika miaka ya 1990. Huchimba shimo, hutandaza udongo wa mfinyanzi chini ili maji yasipenye, kisha hulijaza mchanganyiko wa mafungu mawili ya mabua makavu ya nafaka, fungu moja la udongo wa shamba na fungu moja la udongo wa kinamasi; mahali pengine mboji hushika nafasi ya huo wa kinamasi. Juu huoteshwa majani. Bomba hujazwa na kuoshwa juu ya shimo hilo. Kuvu zinazoozesha mabua hutoa vimeng'enya vya kuvunja ugumu wa bua, na vimeng'enya hivyo huvunja pia dawa nyingi. Si zote, wala si kwa siku moja. DDT ni sugu mno.

Basi twapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mwanachama asuuze ndani ya bomba mara tatu shambani, na masuuzo ayapulizie juu ya zao lile lile. Pili, Chama kichimbe shimo moja la mfano, mbali na visima na mto, lenye paa la kuzuia mvua isilifurishe. Kila mmoja wetu alete gunia moja la mabua. Tatu, viongozi wetu waombe ushauri wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu kabla jembe halijagusa ardhi, na udongo wa shimo upimwe kabla ya kuhamishwa.

Tuliungana kwa sababu mtu mmoja hakuweza kupata bei nzuri peke yake. Mto nao hausafishwi na mmoja, ijapokuwa mmoja aweza kuuchafua. Mnunuzi wa mchicha wetu hutuamini bila kutuuliza. Imani hiyo ni mali ya Chama kama ilivyo mizani yetu, na yatupasa kuitunza.