Kisu cha Katibu
(Maneno ya mkaguzi wa ushirika kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Nilipoombwa kusema mbele yenu kabla ya msimu wa ununuzi wa pamba, bila shaka wengi mlitazamia nizungumzie vitabu vya fedha, stakabadhi na mizani. Hayo yana siku yake. Leo nimechagua kifaa kidogo ambacho hakimo katika daftari la mali la vyama vingi, ingawa hufanya kazi ghalani tangu asubuhi hadi jioni. Kifaa hicho ni kisu cha mfukoni. Nawasihi msicheke mpaka nimalize.

Miaka kadhaa iliyopita nilikagua chama kimoja ambacho sitakitaja. Daftari la mali lilionyesha magunia 60 ya katani. Ghalani tulihesabu magunia 37. Katibu alikuwa mzee mtaratibu, mwenye mwandiko safi, na fedha zote za chama zilikuwapo. Alipoulizwa yalipo magunia mengine, alijibu neno moja tu: "Yamekwisha." Bodi iliona kwamba hilo ni jibu la mwizi. Nami nakiri kwamba nilikwisha kuanza kuandika hoja ya ukaguzi dhidi yake. Mchana mama mmoja mwanachama aliniita nyumbani kwake akasema, "Baba, njoo uyaone magunia yako." Yalikuwa yamefunika banda la kuku. Kila moja lilikuwa limepasuliwa kwa kisu kuanzia mdomoni hadi katikati ya tumbo. Tulipozunguka nyumba za jirani tuliyakuta mengine, na hesabu ikatimia.

Kumbe mpima pamba, kijana mwenye haraka, hakuwa na subira ya kufumua mshono. Alilipasua kila gunia lililoshonwa, na katibu akawapa wanachama matambara hayo pasipo kuandika popote. Kosa la katibu lilikuwa kutoandika. Wizi haukuwapo. Lakini kama yule mama asingefuga kuku, mzee yule angeondolewa kazini kwa aibu, na mimi ndiye ningetia sahihi. Tangu siku hiyo, nikiingia ghalani, huuliza kwanza magunia hufunguliwaje.

Gunia hufunguliwa kwenye mshono, wala si kwenye kitambaa. Lililoshonwa kwa shazia na kamba ya katani hukatwa kamba yake penye fundo, kisha huvutwa taratibu. Ile mifuko ya kiwandani, kama ya mbolea, mara nyingi hushonwa kwa mshono wa mnyororo. Ukikata uzi kwenye ncha iliyo sahihi na kuuvuta, mshono wote hufumuka kwa mkupuo mmoja. Ukikosea ncha, uzi hukaza, na hapo ndipo mtu hukasirika na kupasua. Basi geuza mfuko, ujaribu ncha ya pili.

Jambo hili halihusu gharama ya magunia peke yake. Gunia likipasuliwa hutoa nyuzi, na nyuzi hizo huingia katika pamba. Mbaya kupita zote ni nyuzi za viroba vya plastiki. Hazishiki rangi, na mashine ya kuchambua haziondoi. Mara nyingi huonekana nguo ikiwa imekwisha kufumwa na kutiwa rangi, zikiwa vistari vyeupe visivyofutika, na mnunuzi wa mbali hupunguza bei. Ndiyo maana wakulima hukatazwa kuweka pamba katika viroba. Mtu akikijia na kiroba, mweleze kwa heshima akimimine kwenye turubai la nguo, na kipande cha uzi wa plastiki kilichokatwa kisiachwe sakafuni hata kidogo. Tusihangaike kutenganisha pamba safi na fifi kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukitia uchafu.

Sasa nafika kwenye jambo linaloniondolea usingizi, nalo ni kisu kupotea. Mpima pamba hubeba kisu katika mfuko wa shati, huinama juu ya mzani, nacho huteleza na kuzama ndani ya pamba mbegu bila kutoa sauti. Gunia hupakiwa na lori huondoka. Kiwandani chuma kile hukutana na chuma cha mashine ya kuchambulia. Huweza kuharibu mashine, na huweza kutoa cheche. Ndugu zangu, pamba mnaijua. Cheche ikinaswa ndani yake hufuka kimya kwa saa nyingi kabla ya kuwaka, na huweza kuwaka ikiwa imekwisha kufungwa katika robota. Kwa hiyo kisu cha ghalani kifungwe kwa kamba ya pamba iliyosokotwa, urefu wa mkono, kwenye mshipi. Kikae katika mfuko wa suruali, kisikae kamwe katika mfuko wa shati. Jioni, kabla kufuli halijafungwa, kionekane kwa macho. Kikikosekana, magunia ya siku ile yasiondoke mpaka yamimininwe. Najua ni kazi nzito, lakini ni nyepesi kuliko kuzima kiwanda.

Kisu gani kinafaa? Kwa kazi zetu wembe wenye urefu wa kidole cha shahada unatosha, kikiwa cha kukunja. Kisu kirefu hakifumui mshono vizuri zaidi, hutisha watu tu. Kile kiitwacho Okapi, ambacho wengi wenu mnakifahamu, kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 ili kiuzwe katika makoloni yake ya Afrika, na baadaye utengenezaji wake ulihamia Afrika ya Kusini. Ni imara na bei yake si kubwa, lakini mlio wake wakati wa kufunguka umekipa sifa ya ugomvi katika nchi kadhaa. Opinel ya Ufaransa, iliyoanza mwaka 1890, ina mpini wa mti na tangu mwaka 1955 ina pete ya kuzuia wembe usijikunje. Hiyo naipenda, ila ikilowa mti huvimba na kisu hukataa kufunguka. Zile za Uswisi zenye vipande vingi ni nzuri, lakini nyingi zinazouzwa minadani ni za kuigiza, hulegea kabla msimu haujaisha.

Wala tusimsahau mhunzi wetu. Warongo wa Uzinza, upande huu wa Geita, waliyeyusha chuma na kufua majembe yaliyouzwa hadi Usukuma kabla majembe ya viwandani hayajatujia. Mhunzi wa leo akikufulia kisu kifupi kutokana na springi ya gari, utapata chuma kinachoshika makali. Chuma hicho hushika kutu kwa jasho, kwa hiyo kifute na kukipaka mafuta kidogo. Kisichokunjika kitengenezewe ala ya ngozi.

Kinoeni. Kisu butu ndicho hujeruhi, kwa sababu mtu hutumia nguvu nacho huteleza. Kovu hili la kidole gumba nililipata hivyo, nikifungua boksi la stakabadhi. Jaribuni makali kwenye karatasi, msijaribu kwenye kidole. Aliyejikata katika ghala lenye udongo na samadi aende zahanati akaulize sindano ya pepopunda, asingoje kidonda kivimbe.

Nawaomba sana pia, kisu kilichofungulia pakiti ya dawa ya kuua wadudu wa pamba kisimenye embe. Nimewaona watu wazima wakifanya hivyo, wakikifuta kwenye suruali na kuendelea kula. Dawa haifutiki kwa suruali. Chama kinunue visu viwili. Cha dawa kipakwe rangi nyekundu mpinini na kikae stoo ya dawa, kisitoke humo.

Kuhusu kutembea nacho, Kanuni ya Adhabu inakataza mtu kwenda na silaha hadharani, pasipo sababu halali, kwa namna ya kutia watu hofu. Kisu kidogo cha kazi, kilichokunjwa mfukoni, ni rahisi kukieleza. Kilichoning'inia kiunoni usiku si rahisi. Sungusungu walioanza katika maeneo yetu miaka ya mwanzo ya 1980, na kutambuliwa na sheria mwaka 1989, wana haki ya kukuuliza. Katika mkutano mkuu kisu kibaki ofisini, hata kama ajenda ni nyepesi. Ushirika wa Usukuma ulizaliwa miaka ya 1950 kwa sababu wakulima walichoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Mwanachama anayebishana juu ya kilo zake asibishane na mtu aliyeshika kisu wazi.

Makatibu wa Geita, ambao wanachama wenu hulima na pia huchimba dhahabu, mwaelezeni mchimbaji kwamba kwenye duara hakuna kukata wala kurekebisha ncha ya kamba wakati mwenzake yuko chini. Kamba ikiwa na kasoro, watu wapande kwanza. Na anayekwenda migodi mikubwa au uwanja wa ndege aache kisu nyumbani, maana langoni hupekuliwa.

Mwisho, kiandikwe. Mstari mmoja katika daftari la mali unatosha: aina ya kisu, tarehe ya kununuliwa, jina la aliyekabidhiwa na sahihi yake. Chini yake andikeni magunia yaliyochakaa, kwa idadi, na aliyeyapokea, hata kama ni kwa banda la kuku. Nitakapopita kukagua nitaomba kuuona ukurasa huo kabla ya daftari la fedha. Nami nitakuja na kinoo changu, kwa hiyo atakayekuwa na kisu butu akilete mezani tukinoe.