Sugu ya Mguu Haina Mzizi: Tuweke Wembe Chini

Maneno ya afisa wa afya wa kaunti mbele ya wafanyabiashara wa soko. Tunayachapisha kwa faida ya wakazi ambao hawakuhudhuria.



Nimeombwa nizungumze juu ya sugu za miguuni. Najua wengine mnasema hilo ni jambo dogo. Mama anayesimama kibandani tangu alfajiri anazo, askari wa usiku anayekesha ndani ya buti anazo, na mtoto wa shule aliyerithi viatu vya kakake vinavyombana naye zinamwanza. Sugu yenyewe haiui mtu. Lakini namna tunavyoitibu nyumbani inaweza kumfanya mtu akatwe mguu, na hilo ndilo lililonileta hapa leo.

Kwanza tuelewe sugu ni nini. Ngozi ikibanwa au kusuguliwa mahali pamoja kila siku, hujikinga kwa kuwa nene na ngumu. Ikitanda mahali papana, kama kisiginoni au chini ya wayo, mara nyingi haiumi. Ikijikusanya mahali padogo, hasa juu ya kidole au ubavuni mwa kidole cha mwisho, hufanya kiini kigumu kinachodidimia ndani. Hiyo ndiyo inayokufanya uchechemee. Kuna na nyingine laini, nyeupe, inayotokea katikati ya vidole vinavyobanana na kutoka jasho.

Watu wengi huamini kwamba kile kiini ni mzizi, na usipong'olewa sugu haiponi. Ndipo wembe unapotafutwa. Ndugu zangu, sugu haina mzizi. Kile kiini ni ngozi iliyokufa ikagandamana. Ukikichimba leo, na kesho ukavaa kiatu kilekile, kitarudi palepale. Ukitaka kutafuta mzizi, utafute ndani ya kiatu.

Kwa hivyo matibabu huanza na kiatu. Ukienda mitumbani, nenda jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo kutwa nzima. Vaa viatu vyote viwili, usimame, utembee hatua kadhaa. Kati ya kidole chako kirefu na ncha ya kiatu pawe na nafasi ya upana wa kidole gumba. Usikubali kuambiwa kwamba kitalegea mbele ya safari. Kama mtoto hayupo, chora wayo wake kwenye karatasi, uikate, uiweke ndani ya kiatu. Ikikunjika, kiatu hicho si chake. Wanaovaa gambuti na buti wavae soksi safi na kavu. Na akina dada, kisigino kirefu husukuma uzito mwingi kuelekea vidoleni. Kivae siku ya harusi. Siku ya kazi vaa kiatu bapa.

Pili, lainisha ngozi. Loweka miguu katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni kwa dakika 5 hadi 10. Sugua sugu polepole kwa jiwe la kusugulia nyayo, uondoe kidogo tu kila siku. Kausha vizuri, hasa katikati ya vidole, kisha upake mafuta nyayo na visigino. Katikati ya vidole usipake mafuta. Weka kipande cha pamba ili vidole visisuguane. Kiatu kikishabadilishwa, sugu nyingi hupungua zenyewe baada ya wiki kadhaa.

Ukiona vidoa vyeusi vidogo ndani yake, na inauma zaidi ukiibana kwa pembeni kuliko ukiibonyeza juu, huenda hiyo ni chunjua. Chunjua huletwa na virusi na ina matibabu yake. Nenda zahanati uangaliwe.

Sasa nisikilizeni vizuri. Usikate sugu kwa wembe, kisu wala sindano. Usipake maji ya betri. Kidonda kidogo cha mguuni hukanyaga vumbi na maji machafu siku nzima, na usaha huingia upesi.

Kwa mwenye kisukari, hatari ni kubwa zaidi. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu, huharibu mishipa ya fahamu ya miguu, na mtu huwa hasikii maumivu. Hupunguza pia damu inayofika miguuni, kwa hivyo kidonda hakiponi haraka. Mtu kama huyo anaweza kujikata asijue, au kidonda kikajificha chini ya sugu yenyewe. Akija hospitalini, mguu umeshaanza kuoza. Mwenye kisukari asiikate sugu, wala asitumie plasta za sugu za dukani, kwa sababu zina asidi inayochoma ngozi. Asipime joto la maji kwa mguu. Apime kwa kiwiko. Sugu yake iondolewe na mhudumu wa afya mwenye vifaa safi.

Wapo wenye kisukari ambao hawajijui. Kama unakojoa mara kwa mara, una kiu isiyokwisha, au miguu inakufa ganzi, nenda ukapimwe sukari. Mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chenu anaweza kukuelekeza. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Leo jioni, kabla ya kulala, kaa penye mwanga uitazame miguu yako: juu, chini, na katikati ya vidole. Asiyeweza kuinama amwombe mtoto au mjukuu amtazamie. Ukiona kidonda, usaha, wekundu unaosambaa au ngozi iliyobadilika rangi, usingoje siku ya soko ijayo. Fika kituo cha afya kesho asubuhi.

 Sasa nakaribisha maswali.